Ukibonyeza Stata Ikanyamaza



Wiki iliyopita, jua likikaribia kuzama, simu yangu iliita. Alikuwa kijana wa kwetu, mzaliwa wa Muheza, anayefanya kazi kwenye kambi moja ya kukodisha kwadi kule Lahbab, kando ya barabara inayotoka Dubai kwenda Hatta. Kwadi, kwa asiyeijua, ni ile pikipiki ya magurudumu manne manene inayopanda matuta ya mchanga. Nyuma ya sauti yake nilisikia upepo, na watu wakizungumza kwa hasira kidogo.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Za huko?"

"Huku si kuzuri. Kwadi imekufa na wateja wamesimama hapa."

"Imekufaje?"

"Betri, kaka."

"Umejuaje kuwa ni betri?"

Akanyamaza. Na kunyamaza kule ndiko kulikonifanya nije kwenye kipaza sauti jioni ya leo, kwa sababu kimya cha namna hiyo nakijua vizuri. Mimi mwenyewe niliwahi kunyamaza hivyo mbele ya mtu aliyenizidi ujuzi, na kimya changu kilinigharimu pesa.

Tuanze na hali ilivyo. Vijana wa Afrika Mashariki, Watanzania, Wakenya, Waganda, utawakuta kwenye kambi hizi za jangwani, Lahbab upande wa Dubai na Al Badayer upande wa Sharjah, pale penye tuta kubwa jekundu ambalo Waarabu hulitaja kwa wekundu wake na wageni hulijua kwa jina la Big Red. Msimu wa kazi ni kuanzia Oktoba hadi Aprili, hewa ikiwa ya kuvumilika. Siku zenye watu ni Jumamosi na Jumapili, tangu serikali ya Emirati ilipoyahamishia hapo mapumziko ya wiki mwezi Januari 2022. Siku hizo mbili ndizo zinazolisha kambi. Mashine ikinyamaza Jumamosi saa kumi jioni, hakuna duka la vipuri karibu, mteja amelipia nusu saa na anatazama saa yake, na kijana aliyeajiriwa kuosha na kuelekeza wageni ndiye anayegeuka kuwa fundi umeme. Hakuna aliyemfundisha. Anajua neno moja tu, betri, na analisema.

Zamani mashine ndogo kama hizi uliweza kuziwasha kwa kuzipiga teke kwa mguu. Yamaha Banshee, ambayo wapenzi wa jangwa bado wanaitunza kama farasi wa mbio, ni ya teke tu, haina stata. Lakini nyingi za leo, hata ile Raptor 700 unayoiona kila pembe ya jangwa hili, hazina teke kabisa. Zina kitufe. Kitufe kikikataa, hakuna njia ya pili. Kwa hiyo kujua kinavyofanya kazi ni sehemu ya kazi yenyewe.

Sasa nisikilize vizuri. Umeme wa kuwasha una safari mbili, na anayezichanganya hupotea hapo hapo mwanzoni.

Fikiria mzigo bandarini, iwe Mombasa au Dar es Salaam. Lori limeshapakiwa, liko tayari, lakini haliwezi kutoka getini mpaka kibali kifike. Kibali ni karatasi, chepesi, anaweza kukibeba mtoto. Lori ni zito. Ndivyo ilivyo kwenye kwadi. Ule umeme mdogo wa kibali unatoka kwenye betri, unapita kwenye fyuzi kuu, unakuja kwenye swichi ya ufunguo, unapita kwenye swichi nyekundu ya kuzima iliyoko kwenye usukani, unafika kwenye kitufe cha stata, kisha unaulizwa maswali: gia iko huru? Klachi imebanwa? Breki imeshikwa? Kila mashine ina maswali yake. Ukijibu yote, kibali kinafika kwa mlinzi wa geti, ambaye ni rilei ya stata, wengine wanaiita solenoidi. Mlinzi anafungua geti, tik, na hapo ndipo lori linapotoka: umeme mkubwa, makumi ya ampea, na kwa injini kubwa hupita mia katika nukta ya kwanza, unakimbia kwenye waya mnene mwekundu hadi kwenye mota ya stata.

Na safari haijaisha. Umeme ukishafika kwenye mota lazima urudi nyumbani, unapita kwenye mwili wa injini, unaingia kwenye waya mweusi wa hasi, unarudi kwenye betri. Njia hii ya kurudi ndiyo vijana wengi wanayoisahau. Wanaufuata waya mwekundu kwa bidii, wanaukagua, wanaupangusa, na ule mweusi wanaupita kama mti wa barabarani.

Ukishazijua safari hizi mbili, sikio lako linakuwa chombo cha kwanza cha ufundi. Bonyeza kitufe, usikilize. Ukisikia kimya kabisa, hata tik hakuna, tatizo liko kwenye kibali, au betri imekwisha kabisa. Ukisikia tik moja, nzito, halafu hakuna kitu, kibali kimefika na mlinzi amefungua geti, ila lori halijatoka: tazama nyaya nene, vichwa vya betri, midomo ya rilei, au mota yenyewe. Ukisikia tik-tik-tik-tik ya haraka haraka kama mvua ya kwanza juu ya bati, hapo rilei inavuta, volti zinaporomoka, rilei inaachia, volti zinapanda tena, inavuta tena. Huo ni mlio wa betri dhaifu au kichwa cha betri kilicholegea. Ukisikia stata inazunguka kwa kasi na sauti nyembamba lakini injini haisogei, umeme wako ni mzima. Ni klachi ya stata, ile ya kuzunguka upande mmoja, ndiyo inayoteleza. Na injini ikizunguka vizuri bila kuwaka, achana na stata, nenda kwenye plagi, koili na mafuta.

Ndiyo maana nilimuuliza yule mdogo wangu: "Ukibonyeza, inasemaje?"

"Inasema tik moja tu."

"Taa za mbele?"

"Zinawaka, kaka. Nikibonyeza zinafifia kidogo tu."

"Haya. Bonyeza mara tatu, uhesabu mpaka mbili kila mara, usizidishe. Halafu zima ufunguo, ushike vichwa vyote viwili vya betri kwa vidole."

Nikamsikia akihema, kiti kikifunguliwa, mchanga ukipukutika. Kisha akapiga kelele: "Kaka! Hiki cheusi kinaunguza!"

Hapo nikatabasamu peke yangu sebuleni, huku Deira, mjini Dubai. Waya mnene mzima hauwezi kupata moto kwa nukta sita za kubonyeza. Sehemu inayopata moto ndiyo sehemu inayokula umeme. Nikamwambia atafute spana namba 10. Nati ya kichwa cha hasi ilikuwa imelegea, imetikisika kwa miruko ya matuta tangu asubuhi, na kati ya kichwa na waya ulikuwa umeingia mchanga laini kama unga wa sembe. Akafungua, akapangusa, akakwangua kwa kisu, akakaza. Nikasikia stata ikipiga, injini ikanguruma, na simu ikakatika bila kwaheri. Wala sikuudhika.

Kuna hesabu moja ambayo kila anayeshika spana angefaa kuijua. Mjerumani Georg Ohm aliiandika mwaka 1827 na haijabadilika: volti zinazopotea mahali ni ampea zinazopita hapo mara ukinzani wa mahali pale. Chukua ampea 100. Chukua ukinzani mdogo sana, ohmu 0.02, yaani uchafu ambao jicho halikuonyeshi. Zidisha. Umepoteza volti 2. Kwenye betri ya volti 12 ambayo wakati huo tayari imeelemewa, volti 2 ni tofauti ya kuwaka na kulala jangwani. Lakini uchafu huo huo, taa ikipitisha ampea 4 au 5 tu, unakula sehemu ya kumi ya volti, na taa inawaka vizuri. Kwa hiyo usiseme "taa zinawaka, basi nyaya ni nzima." Taa ni mtembea kwa miguu. Anapita hata kwenye daraja bovu. Daraja linapimwa na lori.

Niwaambie sasa jinsi nilivyojifunza mimi, na halikuwa somo la bei rahisi.

Msimu wangu wa kwanza jangwani, mwezi Novemba, nilikabidhiwa mashine moja iliyokuwa inawaka asubuhi na kukataa jioni. Nikabadilisha betri. Ikawaka siku nne. Ikakataa. Nikabadilisha tena, ikawaka siku tatu. Mwenye kambi alikuwa na haki ya kuuliza, na aliuliza, ila jibu alilolichagua halikuwa la haki: betri ya tatu aliikata kwenye mshahara wangu. Sikuwa na la kusema, maana sikujua nilichokosea. Mwezi ule nilituma nyumbani pungufu, na mama hakuuliza kwa nini, jambo ambalo liliniuma zaidi kuliko kama angeuliza.

Ndipo akaja mzee mmoja wa Kipakistani, fundi umeme wa magari, tuliyekuwa tukimwita Ustad, kama wasemaji wa Kiurdu wanavyowaita mafundi wakuu, na neno hilo sisi pia tunalo. Alikuja kutengeneza kiyoyozi cha gari la kambi. Nikamwomba aitazame ile mashine. Hakuigusa betri. Alitoa mita yake ya umeme, ya zamani, imefungwa kwa utepe wa gundi, akaiweka kwenye volti. Ncha nyeusi akaiweka kwenye kichwa cha hasi cha betri. Ncha nyekundu akaibana kwenye mwili wa injini, kwenye chuma kitupu. Akaniambia, bonyeza.

Kwenye mashine nzima, kipimo hicho hakitakiwi kuonyesha kitu. Sehemu ya kumi ya volti, mbili za kumi, basi. Mita yake ilionyesha zaidi ya volti 3. Volti tatu zilikuwa zinapotelea njiani kurudi nyumbani. Akaufuata waya mweusi kwa kidole mpaka ulipofungwa kwenye fremu, akafungua bolti, akaniita nione. Chini ya kichwa cha waya palikuwa na rangi. Rangi nyeusi, nzuri, inang'aa, imepakwa kwa uangalifu. Mashine ile iliwahi kupinduka, fremu ikanyooshwa, ikapigwa rangi upya, na aliyeifunga alifungia waya juu ya rangi. Umeme wote wa kurudi ulikuwa unapita kwenye nyuzi za bolti tu, penye chuma kilichogusana kidogo.

Ustad akachukua msasa, akasugua mpaka chuma kikawa cheupe, akasugua na kichwa cha waya, akakaza, akapaka grisi juu yake kuzuia kutu. Akabonyeza mwenyewe. Stata ilipiga kwa nguvu ambayo sikuwahi kuisikia kwenye mashine ile.

Akanitazama, akasema kwa ule mchanganyiko wetu wa Kiarabu, Kiurdu na Kiingereza ambao karakana zote za Ghuba zinauelewa: mgonjwa alikuwa rangi, wewe unamzika betri.

Lakini mbona kila betri mpya iliwaka siku tatu, nne? Swali hili lilinisumbua miaka, na jibu lake ndilo linalowapoteza mafundi wengi. Betri mpya ina nguvu kamili, inalazimisha njia hata kama ni mbovu. Zaidi ya hapo, kila unapobadilisha betri unafungua vichwa na kuvifunga upya, unavikwangua kidogo bila kukusudia, waya unatikisika kwenye bolti yake, na kwa siku chache njia inakuwa afadhali. Kisha kutu na mchanga vinarudi, betri inachoka kwa sababu haichajiwi vizuri kupitia njia ile ile mbovu, na unarudi dukani. Umeponywa kwa bahati, ukadhani umeponywa kwa betri.

Basi nunua mita. Ya bei ndogo kabisa inatosha. Nikiwa na dakika mbili tu za kumfundisha mtu, nitamfundisha kipimo kimoja: weka ncha za mita kwenye vichwa vya betri, soma, kisha bonyeza stata huku ukiitazama mita.

Ukiwa umezima kila kitu na betri imepumzika, 12.6 au zaidi ni betri iliyojaa. 12.2 imebaki kama nusu. Ikifika 12 kamili, imechoka. Sasa bonyeza. Mita ikiporomoka chini ya 9 au 10 na stata inajikokota au hailii, betri haina nguvu, hata kama ilisoma 12.6 dakika iliyopita, au mota imekwama na inameza umeme kupita kiasi. Lakini mita ikibaki pale pale, 12.6, haishuki hata kidogo, na stata kimya? Betri haikuombwa chochote. Hakuna mtu aliyeigongea mlango. Njia imekatika mahali, na ukinunua betri kumi zitakaa hapo zimejaa, kimya vile vile. Katika maisha yangu ya kazi, kipimo hiki kimoja kimeokoa pesa nyingi kuliko vingine vyote.

Njia ikiwa imekatika, anza na vitu visivyohitaji spana. Swichi nyekundu ya usukani, wateja huigusa bila kujua. Itazame kwanza kabla ya kufungua chochote. Kamba ya usalama inayofungwa mkononi mwa mwendeshaji, kama ipo, imechomekwa? Taa ya kijani ya gia huru inawaka? Mashine nyingi za gia zitakubali klachi ikibanwa, lakini swichi ndogo ya klachi iko mkononi pale ambapo mchanga unaingia kila siku. Ibonyeze mara kadhaa, ipulize. Kisha fyuzi kuu. Usiitazame kwa macho tu. Nimeona fyuzi yenye ufa mwembamba kama unywele, ukiishika inaonekana nzima, mashine ikitikisika inakata. Pima pande zake zote mbili. Na ikiwa imeungua, usiweke waya wala karatasi ya sigara badala yake. Fyuzi haiungui kwa chuki; kuna waya uliochubuka unagusa chuma mahali, mara nyingi chini ya usukani ambapo nyaya zinapindwa kila kona.

Na kuna moja ambayo imewafanya watu wengi wavute mashine kwa kamba bila sababu. Kwadi nyingi za kisasa, zile za kupuliza mafuta kwa sindano, zina kihisi cha kupinduka. Mteja akilala nayo ubavu kwenye tuta, kihisi kinazima injini ili mashine isiendelee kuzunguka juu ya mtu. Ukiinyanyua, haiwaki. Si mbovu. Zima ufunguo, subiri kidogo, washa tena. Kwa hiyo muulize mteja kwa upole kama ameanguka, na kwanza kabisa muulize kama ameumia.

Sasa nizungumzie joto, kwa sababu hapa Dubai joto ndilo muuaji, na watu wa nyumbani hudhani jua haliwezi kuiua betri.

Betri ya risasi na asidi, ambayo Mfaransa Gaston Planté aliibuni mwaka 1859, ni jiko la kemia. Ukiiongezea joto, kila kinachotokea ndani yake kinakwenda mbio, kizuri na kibaya. Mafundi wa betri wana kanuni yao: kila nyuzi 10 za joto zinazozidi, maisha ya betri hupungua karibu nusu. Miezi ya Julai na Agosti hapa kivulini tu joto hupita nyuzi 45. Serikali yenyewe huzuia kazi za juani kati ya saa sita na nusu mchana na saa tisa alasiri, kuanzia tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba. Binadamu anapumzishwa. Betri inaachwa ndani ya kontena la bati. Na inaachwa bila chaji, kwa sababu msimu umefungwa. Betri iliyokaa tupu hujijengea ganda gumu juu ya sahani zake, na ganda hilo likishakomaa chaji haipiti. Oktoba mwenye kambi anafungua kontena, anabonyeza, kimya, anamlaumu kijana aliyeajiriwa jana.

Isitoshe, betri hizi ni ndogo. Betri ya kwadi ya michezo ni ya ampea-saa 8 au 9 hivi, wakati ya gari dogo ni 40 na kuendelea. Haina akiba. Mgeni asiyejua klachi anaizima mashine mara kumi ndani ya nusu saa, unaiwasha mara kumi, na injini haipati nafasi ya kurudisha kilichotumika. Usiku ichajiwe, kwa chaja ndogo ya taratibu, siyo ile kubwa ya magari inayoichemsha. Kiangazi itolewe, iwekwe mahali pa baridi, ichajiwe kila mwezi.

Na pima kama mashine inajichaji yenyewe. Injini ikinguruma kwa mwendo wa kati, mita kwenye betri isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, stata ya kesho haipo. Ama koili za kuzalisha umeme zimekufa, ama kirekebisha umeme, kile kisanduku chenye mapezi ya alumini, kimepikwa. Mapezi yale yanahitaji upepo. Yakizibwa na mchanga na mafuta, joto halitoki.

Kambi nyingi huosha mashine kwa mashine ya maji ya nguvu. Naomba sana, msielekeze maji yale kwenye vishikizo vya nyaya, kwenye rilei, kwenye usukani. Maji yanasukumwa ndani ya plastiki ambako hayatoki, na baada ya wiki unaona unga wa kijani kwenye shaba. Puliza kwa hewa. Ndugu zetu wa Nungwi na Paje kule Zanzibar wanaowatembeza watalii kwa kwadi hizi hizi wanalijua vizuri jambo hili, maana wao wana chumvi ya bahari, na chumvi haihitaji hata msaada wa maji ya nguvu ili kuozesha nyaya. Grisi kidogo kwenye kila kiungo, kila mwezi, ndiyo dawa.

Kuna jambo nataka mniahidi kutolifanya. Nimewaona vijana wakichukua bisibisi na kuunganisha vichwa viwili vya rilei ili kuilazimisha stata. Ndiyo, kwa fundi mzoefu ni njia ya kujua kama rilei imekufa. Lakini bisibisi ile inapitisha lori zima bila geti. Inatoa cheche karibu na tangi la petroli na karibu na betri, ambayo ikichajiwa hutoa hidrojeni. Na mashine ikiwa ndani ya gia, inaruka mbele na wewe umeinama mbele yake. Maswali yale ya usalama ambayo kibali huulizwa, ukitumia bisibisi umeyaruka yote. Ukifungua betri, ondoa hasi kwanza. Ukifunga, hasi iwe ya mwisho. Ukibusti kwa gari, injini ya gari iwe imezimwa, nyekundu kwa chanya, nyeusi ya mwisho ishike chuma cha injini mbali na betri.

Haya niliyosema hayawahusu wa jangwani peke yao. Kila wiki makontena yanaondoka hapa yakiwa na mota za stata, rilei na mikufu ya nyaya zilizotumika, zilizonunuliwa kwenye eneo la viwanda la Sharjah, zinakwenda Gerezani Dar es Salaam, Kirinyaga Road Nairobi, Kisekka Kampala. Nyingi hununuliwa na mtu ambaye mota yake ya zamani ilikuwa nzima, ila waya wake wa hasi umeoza. Mwenye bajaji analipa, mwenye bodaboda analipa. Ule waya mweusi bado uko pale pale.

Basi neno langu kwa wenye kambi, na wapo wanaonisikiliza: msimu unaanza Oktoba. Kabla ya kumkabidhi kijana mashine ishirini, mkabidhi mita moja, spana namba 10, kipande cha msasa na kopo la grisi, na umkalishe saa moja umwonyeshe. Na betri iliyouawa na joto la kontena lako usiikate kwenye mshahara wake.

Na wewe mdogo wangu uliye Lahbab, kama unanisikiliza: kaza na kile kichwa cha chanya. Ulikaza kimoja tu.